Tarumbeta la Bungu, Kipulizio cha Lushoto

Mimi situmi tarumbeta na kipulizio chake katika mzigo mmoja, na sitaki kubishana na mtu. Kipulizio ni kile kikombe kidogo cha chuma anachokiweka mpigaji mdomoni. Hicho kinabaki kwangu Lushoto mpaka mteja anipigie simu aseme, Rukia, mzigo ninao. Hapo ndipo nakituma, tena kwa gari jingine. Mwizi akiiba tarumbeta langu njiani, ameiba bomba la kumwagilia kabichi. Na mteja mwenye ulimi mrefu akidanganya kwamba halijafika ili arudishiwe pesa zake, basi apige kwa pua.

Utaratibu huo ni wa marehemu baba yangu, fundi Selemani. Baba alinyoosha matarumbeta ya harusi za Waislamu wenzetu na ya makanisa ya Walutheri bila kubagua, kwa sababu, alisema, shaba ikibonyea imebonyea. Alikuwa na neno lake jingine: mzigo ukiwa njiani si wa aliyeuza wala wa aliyenunua, ni wa yule aliyeushika. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasema hivyo kuwatisha makondakta.

Siku hizi nauza kwa simu. Kuna soko la mtandaoni linaitwa Gulio Kiganjani. Mteja analipa, pesa zinashikiliwa na hao wa Gulio, hazinifikii mpaka mteja abonyeze "Nimepokea." Akibonyeza "Sijapokea," mimi napewa muda wa kuonyesha kwamba mzigo umefika. Nikishindwa, mteja anarudishiwa pesa, duka langu linafungwa, na juu yake linabandikwa neno jekundu: MUUZAJI HAAMINIKI. Pesa ningezitafuta nyingine. Lakini neno jekundu juu ya jina la binti wa fundi Selemani! Ebo! Mimi sikukaa miaka yote hiyo navuta moshi wa lehemu ili niitwe tapeli na simu.

Sasa, Nikodemo, kiongozi wa bendi ya kanisa huko Bungu, alinunua kwangu tarumbeta kubwa, lile la sauti nzito linaloshikilia wimbo kutoka chini. Nilikuwa nimelinyoosha hadi linang'aa. Nikalitia kwenye boksi, boksi nikalivika gunia la katani, gunia nikalishona kwa waya wa shaba, na ncha za waya nikazilehemu. Ukitaka kufungua sharti ukate kwa koleo, na ukikata itaonekana. Nikampa jirani yangu Hamza, mwenye gari dogo la abiria linaloshuka Mombo mpaka Korogwe. Hamza akalikabidhi kwa kondakta wa basi linalopanda Bungu, mtu anayeitwa Tobia. Wote wanaotuma mizigo Bungu wanampa Tobia.

Kesho yake mchana simu ikalia ule mlio wa Gulio. Nikadhani ni "Nimepokea." Naangalia, ni "Sijapokea"!

Nilimpigia Nikodemo hapo hapo.

"Mgosi Nikodemo, unanichezea?"

"Dada Rukia, mzigo haujafika. Halafu huku kwetu kuna—"

"Huko kwenu kuna nini? Kuna njaa ya matarumbeta ya bure? Umeshindwa hata kunipigia, unakimbilia kubonyeza? Basi usikie, kipulizio ninacho mimi. Tuone utapigia nini!"

"Dada, nisikilize kidogo—"

Nikakata. Mimi nikipandwa na hasira husikiliza baadaye, na baadaye yangu huwa inachelewa. Nikamfuata Hamza stendi. Akaniapia kwamba amemkabidhi Tobia mkononi, na Tobia aliupakata kama mtoto kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Nikampigia Tobia. Hapatikani. Nikampigia tena jioni, hapatikani. Mtu mwenye mizigo ya watu, simu kazima! Nilihitaji kusikia nini tena?

Tuna kundi letu la wapiga tarumbeta kwenye simu, la milima yote, wauzaji na bendi na mafundi. Nikashika simu, nikarekodi sauti: "Ndugu zangu, mimi Rukia sijamwibia mtu. Kama kuna mwizi, ni kondakta wa basi la Bungu, jina lake Tobia, na simu kazima. Jihadharini naye." Nikatuma. Moyo ukatulia kabisa, nikapika chai nikanywa.

Baada ya hapo Nikodemo akawa hapokei simu zangu. Gulio nao wakaniandikia kwamba muda wangu unaisha kesho. Ah, hapo maji yakanifika shingoni. Nikasema sawa, kama mlima hauji kwa simu, nitaufuata. Asubuhi nikajifunga kanga zangu, kipulizio nikakifunga pembeni ya kanga kama watu wanavyofunga hela, koleo nikatia kwenye mkoba, maana fundi hatembei bila koleo, nikashuka.

Korogwe stendi wakaniambia basi la Bungu leo haliendi. Sikusubiri kuelezwa kwa nini. Niliwaambia mmekula njama na kondakta wenu, nikakodi bodaboda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga la kumwambia Nikodemo, la kumwambia Tobia, na mengine ya akiba kwa yeyote atakayewatetea.

Bungu nikaliona kundi la bendi kabla hata sijashuka. Wamesimama barabarani mbele ya nyumba moja ya bati, mashati meupe, matarumbeta makwapani, na katikati yao Nikodemo, mrefu, kichwa chini. Nikamlipa mwenye bodaboda huku nimeanza kufoka.

"Haya nimekuja! Nimelifuata tarumbeta langu mwenyewe! Yuko wapi huyo mwizi wenu Tobia? Mleteni hapa!"

Na hapo ndipo macho yangu yalipofanya kazi ambayo yangepaswa kuifanya tangu mwanzo. Kulikuwa na turubai. Kulikuwa na wanaume kwenye viti, wamekaa kimya. Wanawake walikuwa na kanga vichwani, na nyuma ya nyumba moshi wa masufuria makubwa.

Nikodemo akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Dada Rukia, Tobia ndiye tunayemzika. Mwili uko njiani unatoka mochwari."

Astaghfirullahi.

"Amekufa lini?"

"Usiku wa siku ile ile uliyotuma mzigo. Presha. Alianguka nyumbani kwake."

Kwa hiyo nilipokuwa nampigia, alikuwa amelala mochwari. Nilipomwita mwizi mbele ya milima yote, alikuwa ameshakufa, hawezi kusema hata "si kweli."

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Nikodemo, na aibu yangu ikatoka kwa sura ya ukali kama kawaida yake.

"Ungenipa nafasi? Ulikuwa unafoka." Akapangusa uso. "Asubuhi nilikwenda dukani anapoachaga mizigo, haupo. Nikasikia amefariki. Sasa, dada, ningeenda kwa mjane anayelia nimuulize tarumbeta? Mdomo ungefungukaje? Nikaona nibonyeze tu kule kwenye simu, wale hawana msiba. Sikujua wataanza kukufungia duka."

Ndivyo tulivyo sisi watu wa milimani. Tunaogopa kumuuliza mfiwa swali moja, tunakwenda kuliuliza lisimu.

"Na sauti yako imefika huku," akaongeza. "Mzee mmoja wa hapa, Yohane, aliwasikilizisha watu jana hapa hapa chini ya turubai. Betri yake ya sola nayo ilikuwa kwa Tobia. Tangu jana watu wanaulizana, wengine mizigo yao iko wapi. Ukiwasikiliza utadhani wamekuja kumzika mwizi."

Nikatamani ardhi inimeze. Lakini ardhi hainimezi, nimeshajaribu siku nyingine. Nikavuta kanga kichwani, nikaingia ndani kwa wanawake.

Mjane anaitwa Secilia. Ni mwanamke mwembamba, amekaa kwenye godoro, macho makavu. Nikapiga magoti, nikampa pole. Akaitikia kwamba wameshapoa. Halafu akaniangalia vizuri.

"Sauti yako naijua," akasema. "Ni wewe Rukia wa Lushoto."

Wanawake wote wakanitazama. Nikasema ndiye mimi. Nilitegemea anitukane, na angenitukana ningemshukuru. Badala yake akainuka, akanishika mkono, akanipeleka hadi mlango wa chumbani, akatoa ufunguo kifuani, tukaingia. Akafunga nyuma yetu.

Mizigo ilikuwa imejaa kitandani. Sikusema chini ya kitanda, nasema kitandani, imepangwa vizuri, mikubwa nyuma midogo mbele, na juu yake limetandazwa blanketi lao la kujifunika. Katikati niliona gunia langu la katani.

"Mvua ilikuwa kubwa," Secilia akasema. "Paa la basi linavuja na la duka linavuja. Akasema hawezi kuacha vitu vya watu vilowe, akavileta huku kwa mkokoteni. Sakafu nayo ilikuwa inapitisha maji upande ule. Akavipanga kitandani, akavifunika. Akasema, mama, leo tutalala mkekani, asubuhi nitawapigia wenyewe waje." Akalinyoosha blanketi pembeni. "Hakufika hata huo mkeka."

Huyo ndiye niliyemwita mwizi. Mimi!

"Simu yake ilidondoka kwenye maji alipoanguka," akaendelea. "Kesho yake watu wakaanza kuulizana mizigo. Nikataka kuwaambia. Halafu ikaja sauti yako. Sasa nikifungua mlango huu nikasema vipo humu, watasema nini? Watasema kweli aliiba, tumevikuta kwake. Maneno ya mke nani atayaamini? Nimefunga mlango. Nimewaambia vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaanuliwe, wakaheshimu. Wakishalala leo nitavitupa korongoni vyote. Nakuomba, dada yangu, usiseme. Azikwe kwanza."

Simu yangu ilikuwa mkononi. Nawaambia ukweli, wazo lilinijia. Picha moja tu ya gunia lile pale kitandani, niwatumie Gulio, duka langu limepona na jina langu limepona. Mzigo umekutwa nyumbani kwa kondakta. Ingekuwa kweli tupu, na Tobia angeingia kaburini na wizi wangu niliomtwika.

Nikairudisha simu kwenye mkoba.

"Secilia," nikamwambia, "ukivitupa korongoni, hapo ndipo atakuwa mwizi kweli, na hakuna atakayemtoa huko. Mimi ndiye niliyemwita mwizi, na nilimwita kwa sauti. Kwa hiyo nitamtoa kwa sauti. Sauti ninayo, umeisikia."

"Watakupiga."

"Wajaribu."

Secilia akafungua mlango, akauacha wazi.

Nikatoka nje hadi katikati ya turubai. Wanaume wakageuka. Mwanamke kusimama pale si kawaida, mgeni tena, Mwislamu tena, na aliyefika anafoka. Nikawaamkia wazee shikamooni, wakaitikia kwa shingo upande.

"Ile sauti mliyosikiliza jana ni yangu," nikasema. "Mimi ndiye Rukia. Nilimwita Tobia mwizi na sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya hasira. Mizigo yenu ipo. Ipo chumbani kwake, kitandani kwake, imefunikwa blanketi lake, na yeye na mkewe walikuwa walale chini. Haya, niambieni, mwizi gani huyo anayelala chini ili betri ya mtu isilowe?"

Yohane akainuka. Ni mtu mnene, mwenye koti. "Hata kama. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaanuliwe. Hiyo ndiyo mila. Baada ya hapo ukoo utakaa, utaangalia kipi ni cha nani."

"Baba Yohane, mila naiheshimu. Lakini hivi si vitu vya marehemu. Ni vya kwenu. Yeye alikuwa amevishika tu, na amevishika mpaka mwisho. Mnataka azikwe bado amevishika? Mwacheni apumzike! Njooni mchukue, na kila mtu aangalie mwenyewe kama mzigo wake umefunguliwa."

Nikaingia ndani, nikabeba gunia langu, nikalitua juu ya meza ya rambirambi. Nikamwita Nikodemo.

"Huu waya nimeushona mimi na nimeulehemu mimi. Pitisha kidole. Umekatwa popote?"

Akapitisha kidole mshono wote, polepole, kama anatafuta mwiba. "Haujakatwa."

"Sema kwa sauti."

"Haujakatwa!"

Basi wakaanza. Kwanza mama mmoja na kifurushi cha dawa za kuku, akakigeuza geuza, gundi ile ile. Halafu kijana na viatu vyake. Halafu wengine, mmoja mmoja, wanaingia mlango ule na kutoka, na kila anayetoka anasimama mbele ya Secilia, anasema pole upya, pole nyingine kabisa kuliko aliyoisema jana. Secilia alikuwa anawataja majina yao. Yohane aliingia wa mwisho. Alitoka na boksi la betri kifuani, kavu kabisa, uso kaugeuzia ukutani. Mimi na mdomo wangu huu nilikuwa na la kumwambia, lakini nililimeza, kwa sababu mwenzake katika ujinga ule nilikuwa mimi.

Mwili ukafika. Nikakata waya wangu kwa koleo, tarumbeta likatoka linang'aa hata kwenye ukungu ule. Nikodemo akalishika, akalikagua, akatafuta pa kupulizia. Hapana kitu. Akanitazama.

"Usiniangalie hivyo," nikasema. "Wewe ulibonyeza 'Sijapokea.'"

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka kidogo pale tangu juzi. Nikafungua pembe ya kanga, nikakitoa kipulizio, cha moto kwa joto la mwili wangu, nikampa mkononi. Hapo biashara yetu ikaisha kihalali, mbele ya watu.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini, nikabaki kwenye migomba, mahali ninapoona na kusikia. Bendi ikaanza wimbo wa kuaga. Zile sauti ndogo zilitangulia, nyembamba, zinatangatanga. Halafu Nikodemo akaingia na lile kubwa kutoka chini, na wimbo wote ukapata pa kukanyaga. Nililia. Nilimlilia mtu ambaye sikuwahi kumwona sura, na nililia kwa nguvu, mimi kitu sijui kukifanya kidogo.

Ndipo nikatoa simu. Ile sauti ya kwanza nilijaribu kuifuta, simu ikaniambia muda umepita, na hata ningeifuta, ilikwisha kusambaa. Kwa hiyo nikashika kitufe, nikaielekeza simu kaburini, nikarekodi. Sikusema neno hata moja, nikaliacha tarumbeta liseme mpaka wimbo ulipokwisha. Nikatuma kwenye kundi lile lile, na chini yake nikaandika: "Huu ndio mzigo wa Bungu. Tobia aliufikisha. Mwongo nilikuwa mimi, Rukia binti Selemani."

Tuliporudi nyumbani Nikodemo akaja na simu yake, akaniuliza kama sasa abonyeze. Akabonyeza "Nimepokea." Gulio wakamuuliza swali lao la mwisho, aliyekukabidhi mzigo ni nani. Hakuniuliza aandike nini.

Duka langu lipo wazi, na kipulizio bado kinabaki kwangu mpaka mteja apige simu. Hilo sibadilishi. Ila siku hizi mteja akiniambia "huku kwetu kuna," namwacha amalize.

Jioni ile nilipokuwa naaga, Secilia alinisindikiza hadi barabarani. Nilidhani atanishukuru, nikaanza kutafuta maneno ya kumkatalia. Hakunishukuru. Aliniuliza kama ile sauti ya pili ninaweza kumtumia na yeye. Nikamwambia ninaweza, nikatuma hapo hapo, na tukasimama kando ya njia tukaisikiliza yote.